Tanuri la tao au la induksheni kwa karakana ndogo?
Ndugu, umeuliza ununue lipi la kuyeyushia aluminiamu ya sufuria na rimu kuukuu. La tao achana nalo: nguzo za grafaiti (aina ya kaboni) zinapiga cheche za umeme kama radi juu ya vyuma chakavu, hiyo ni kazi ya viwanda vya nondo. Induksheni ni safi na ya haraka, metali inapata moto yenyewe ndani ya koili ya shaba inayopitisha umeme, hadi uji wa metali iliyoyeyuka unajikoroga. Ila koili hiyo hupozwa kwa maji muda wote. Pampu ikizima, ni hatari. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kwa hiyo tanuri la waya, linalopashwa na waya wa umeme kama jiko la koili la kupikia, linakutosha kabisa. Na tafadhali, kausha kila kipande kwanza. Tone la maji likizama kwenye uji ule, linalipuka usoni.