Omari au Madinda: nani alitangulia?

SWALI: Shikamoo Babu. Kwaya yetu ilibishana juzi mpaka mazoezi yakavunjika. Wengine wanasema askofu wa kwanza Mwafrika wa Anglikana huku kwetu Dodoma ni Yohana Omari, wengine wanashikilia ni Yohana Madinda. Wepi wako sahihi? – Mwanakwaya, Chamwino

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Pande zote mbili zina haki.

Omari aliwekwa wakfu tarehe 15 Mei 1955 katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Siku hiyo waliwekwa wanne: yeye, Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, na Daniel Deng Atong wa Sudan. Hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyemtangulia katika uaskofu wa Anglikana, na Uhuru ulikuwa bado miaka sita. Ila alikuwa askofu msaidizi. Kiti chenyewe cha Dayosisi ya Central Tanganyika, yaani eneo la askofu lenye makao hapa Dodoma, alikikalia Alfred Stanway, Mwaustralia. Omari alifariki 1963. Madinda akakishika kiti hicho 1971, Mwafrika wa kwanza kukikalia, akakaa nacho hadi 1989.

Lakini wanakwaya wenzako wasilidharau hilo neno "msaidizi". Dayosisi ya wakati ule ilikuwa pana mno. Victoria Nyanza ilimegwa humo 1963, Morogoro 1965, Western Tanganyika 1966. Stanway peke yake angefika vijiji vingapi?

Mama yangu aliwekewa mikono, yaani alipewa kipaimara, na Omari. Kanisa letu lilikuwa la tembe, watu hawakuenea, ibada ikahamia chini ya mbuyu. Wasichana walifunga vitambaa vyeupe kichwani. Mama alikuwa akitusimulia kwamba alipopiga magoti hakuthubutu kuinua macho. Alichokijua ni ile mikono kichwani pake, mizito, migumu kama ya baba yake aliyelima uwele. Mpaka asubuhi ile alidhani askofu lazima awe Mzungu.

Kile kitambaa alikitunza katika sanduku la bati, chini ya kanga zake. Pembeni kilikuwa na alama ya vumbi jekundu ambayo hakutaka kuifua. Alipofariki, dada zangu walikitoa wakamfunga nacho kichwani, nasi tukamzika hivyo.