Kifupisho chako kianze na nukta mkato

Ukiwa unauza vitu mtandaoni, kutwa unaandika yaleyale, bei, duka liko wapi, unalipiaje, mzigo unatoka saa ngapi. Mimi siku hizi nagonga herufi chache tu na maelezo yote yanajiandika. Programu za kazi hiyo zipo na nyingine ni za bure kabisa, lakini jambo linalowachosha watu mpaka wanaziacha ni jinsi wanavyochagua vifupisho, yaani hizo herufi chache za kugonga.

Kiswahili chetu maneno yanabeba viambishi huku na huku. Sasa ukiweka "lip" iwe maelezo ya malipo, siku unamwandikia mtu "nimelipwa" unaweza kushtukia aya nzima imemwagika katikati ya neno. Programu ya AutoHotkey ya Windows yenyewe kwa kawaida haigusi katikati ya neno na inasubiri kwanza uweke spesi au alama kama nukta, ila Espanso, programu nyingine ya kazi hii ninayoitumia mimi, inabadilisha papo hapo popote inapokuta kifupisho, labda uiongezee mstari wa "word: true". Ndo maana vyangu vyote naanza na nukta mkato bila spesi, kwa sababu kwenye maandishi ya kawaida ukishaweka nukta mkato unaacha nafasi, kwa hiyo havigongani na kitu:

- trigger: ";lip"
  replace: "Ukishalipa nitumie meseji ya muamala, mzigo unatoka leo jioni."

Hiyo unaiweka kwenye faili la Espanso linaloitwa base.yml, unasevu, basi.

Wengine wanapenda ekstensheni za Chrome, vile vijiprogramu vya kuongezea kwenye kivinjari, kwa sababu kuziweka ni rahisi. Sawa, ila visanduku vya kuandikia havifanani jamani. Fomu ya kawaida haina tabu, lakini pale unapoandikia kwenye Gmail au WhatsApp Web ni kipande cha ukurasa kilichoruhusiwa kuandikika, na ekstensheni isiyotengenezwa vizuri inabadilisha maneno unayoyaona wewe bila kuutaarifu ukurasa, ukibonyeza tuma kinaenda kile kifupisho chako kitupu. Google Docs ndo ngumu zaidi maana tangu 2021 ilianza kuyachora maandishi kama picha. Espanso inajifanya kibodi, inafuta kifupisho halafu inaandika au inapesti, kwa hiyo sehemu nyingi inapita. Vyovyote utakavyochagua, jitumie meseji mwenyewe kwanza kabla hujamtumia mteja.

Na tafadhali soma ruhusa. Ekstensheni ikiomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote ina maana hata ukurasa wa benki yako inauona. Ibane kwenye setingi ifanye kazi tovuti unazozitaka tu, na paswedi au PIN usiviwekee kifupisho hata siku moja.

Kwa simu huhitaji kupakua kitu. iPhone ina Text Replacement kwenye setingi za kibodi, na Gboard, ile kibodi ya Google, unaweka kifupisho kwenye kamusi yako binafsi. Ukiwa hapo ongeza na lugha ya Kiswahili kabisa, isikusahihishie kwa Kiingereza.

Halafu mteja anajua akipewa jibu la kukopi, na haipendezi. Kwenye Espanso ukiweka alama ya $|$ ndani ya maelezo, kile kimstari cha kuandikia kinasimama pale, kwa hiyo yangu inaanza "Habari dada $|$, mzigo wako umeshatoka", naandika jina lake kwa mkono ndo natuma.