Jibu: kuomba ruzuku ya utafiti ukiwa ndio kwanza unaanza

Mdogo wangu wa Wete umeuliza kama mwenye shahada ya kwanza tu, asiye na ajira, anaweza kuomba peke yake ruzuku ya serikali ya kutafiti mwani. Nakujibu kwa yaliyonikuta. Nimeomba mara mbili.

Peke yako itakuwa tabu. Mlango mkubwa ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, kupitia MTUSATE, mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na mifuko ya namna hii hupenda kuona taasisi nyuma ya mtu. Nenda SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, utafute mtafiti mwandamizi akukubali. Usende mikono mitupu, chukua angalau kurasa mbili ulizoandika. Kibali cha utafiti cha Zanzibar ni tofauti na cha Bara, na ukifika kijijini ni kwa sheha kwanza, kiongozi wa serikali wa hapo.

Mimi niliangushwa na bajeti. Andiko la kwanza (mfuko siutaji) niliweka siku 20 za shamba, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne mfululizo, kama mtu wa ofisini. Mtathmini akaandika mstari mmoja: "Huyu anataka kwenda kupima mwani maji mafu." Maji mafu ni siku ambazo bahari haipwi sana, shamba la mwani halifikiki. Wallahi niliona haya, maana mama yangu analima mwani. Mara ya pili nikakaa naye barazani na kalenda ya mwezi mwandamo. Mwani unataka kama siku 45 hadi kuvunwa, hizo ni bamvua tatu, yaani vipindi vya maji kujaa na kupwa sana. Kila bamvua siku tatu za kushuka. Siku 20 zikawa tisa, gharama ikashuka, wakakubali.

Hela zenyewe zilichelewa. Nilitaka kupima joto la maji wakati wa kaskazi, msimu wa joto, kotonii (aina ya mwani) inapopauka na kukatika. Zikaingia kusi imeshaanza. Niliomba kuongezewa muda bila kuongezewa fedha, nikapewa, kwa kuwa barua niliipeleka mapema, kabla mkataba haujesha.

Na risiti! Nahodha wa ngalawa hana kitabu cha risiti. Mwulize mhasibu mapema kama atapokea karatasi ya malipo: jina, kazi, kiasi, tarehe, dole gumba na muhuri wa sheha. Zangu zilirowa maji ya chumvi zikakakamaa. Mhasibu aliinusa ya kwanza, akanitazama, kisha akazigonga muhuri zote.