Ukimpima mwalimu wa karate, mtazame anayempiga

Mtu wa mtaani kwetu hapa Kisenyi, Kampala, akinipigia kuuliza, "Kaka, kuna mwalimu wa karate kafungua darasa, nimpeleke mtoto?", humwambia aende kwanza akakae pembeni atazame mazoezi, kabla hajatoa hata shilingi. Na akishakaa, asihangaike na mateke ya mwalimu. Amtazame yule anayempiga mwalimu.

Maonyesho mengi yako hivi: mwanafunzi anarusha ngumi moja, kisha mkono anauacha uning'inie hewani kama shati kwenye kamba. Mwalimu anaukamata, anauzungusha, anampiga mbavuni mara tatu, anamlaza chini. Makofi. Mtu mwenye hasira pale soko la Owino hapigi hivyo. Ngumi ikikosa anairudisha hapohapo, na ya pili iko njiani. Kwa hiyo ninachotafuta darasani ni muda ambao mwenzako ana ruhusa ya kukukatalia, yaani kupambana nawe kwa kweli. Watu wa judo wana randori, wa karate wana kumite, wa ndondi na kickboxing wana sparingi. Darasa lisilo na kitu cha aina hiyo linafundisha ngoma, na ngoma si mbaya, ila lipia bei ya ngoma.

Wapo watakaokuambia mbinu zao ni za kuua, hazijaribiwi kwa mwenzako. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alilipatia dawa tatizo hilo: mbinu za kuumiza aliziweka nje ya randori, zilizobaki watu wakakabana nazo kwa nguvu zote, siku baada ya siku. Anayesema haiwezekani ana mwaka wa 1882 wa kujibu.

Mkanda mweusi ni kitambaa. Madukani unauzwa bila maswali. Kwa taekwondo kazi ni nyepesi: mwenye dani (daraja la mkanda mweusi) ya Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyoko Seoul, ana cheti chenye namba, na unaweza kukihakiki kwenye tovuti yao. Karate ina vyama vingi na hakuna ofisi moja inayotoa dani zote, basi muulize alipewa na nani, wapi, na akina nani walimtahini. Aliyefanya mtihani wa kweli atakusimulia mpaka uchoke. Medali nazo, uliza kundi la uzito aliloshindania lilikuwa na washiriki wangapi. Wakiwa wawili, aliyepigwa anarudi nyumbani na medali ya fedha!

Sasa, usimdharau mzee asiyeweza tena kupigana. Namfahamu mmoja hapa Kampala, magoti yamekwisha, anafundisha ameketi kwenye stuli. Kijana anapiga teke la mzunguko, halifiki. Mzee anasema neno moja tu: "Kisigino." Kijana anageuza kisigino cha mguu aliosimamia, kiuno kinafunguka, teke linapanda hadi bega. Jirani yake kuna mwalimu mwenye misuli ya kutisha ambaye kosa lolote analitibu kwa "Nguvu! Nguvu!" Mimi mwanangu ningempeleka kwa mzee.

Mwalimu kama mzee huyo mpime kwa wanafunzi wake, lakini si kwa bingwa wao. Bingwa huenda alikuja na kipaji chake, au katoka klabu nyingine. Mtafute yule wa kawaida, mnene kidogo, aliyefanya mazoezi mwaka mmoja au miwili. Akisukumwa anabaki amesimama vizuri? Akipigwa usoni kidogo anafumba macho? Huyo ndiye kazi ya mwalimu.

Kwa watoto naongeza jambo moja: wafundishwe kuanguka kabla ya kuangushana. Ukiona wanatupana kwenye sakafu ya saruji, ondoka.

Ukiridhika, omba kushiriki zoezi moja, na umwambie mwalimu waziwazi kwamba ungependa kumkabili bila kumlegezea. Mzuri atacheka, au akuite mmoja wa vijana wake, na utajikuta chini bila kuumia. Akianza kukudai ada ya miezi mitatu kwanza, mshukuru ukapande boda.