Maswali Yenu Kuhusu Jani na Usanisinuru

Swali: Kwa nini majani mengi ni mapana lakini membamba?

Upana ni kwa ajili ya mwanga, wembamba ni kwa ajili ya hewa. Kaboni dayoksaidi, gesi ambayo jani hutumia kujitengenezea chakula, ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa, na ndani ya jani hakuna kinachoisukuma. Husambaa yenyewe, polepole. Jani likiwa nene sana, seli za katikati zitaikosa.

Swali: Mbona upande wa juu una kijani kilichokolea kuliko wa chini?

Ngozi ya juu yenyewe haina rangi, hupitisha mwanga tu. Chini yake zimebanana seli ndefu zilizosimama wima, zimejaa kloroplasti (vijichembe vya kijani vinavyonasa mwanga), na hapo ndipo sehemu kubwa ya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga, hufanyika. Zinazofuata zimeachana na zina kloroplasti chache. Wanafunzi wengi huzichora nafasi zile kati ya seli kama mapengo yasiyo na maana. Kumbe hewa hupita humo kuzifikia seli zote, za juu na za chini.

Swali: Kwa nini stomata ziko upande wa chini?

Hapa ndipo penye dhiki ya jani. Ngozi yake imepakwa nta inayozuia maji yasipotee, ila nta hiyohiyo inazuia na hewa. Hivyo lazima pawe na vitundu, navyo ndivyo stomata, na kitundu kinachoingiza kaboni dayoksaidi ndicho kinachotoa mvuke. Katika mimea mingi, zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani. Kila kitundu kina seli mbili za ulinzi: zikijaa maji hupinda na kukifungua, zikipungukiwa hulegea na kukifunga. Upande wa chini haupigwi sana na jua, kwa hiyo mvuke unaotoka ni mdogo.

Lakini msilikariri hilo kama sheria. Mahindi yana stomata pande zote mbili. Jani la yungiyungi huelea, kwa hiyo stomata zake ziko juu, maana chini ni maji. Nanasi na dungusi ndio wajanja kuliko wote, kwa maoni yangu: hufungua usiku kukiwa na ubaridi, huhifadhi kaboni dayoksaidi kama asidi, kisha mchana hufunga na kuitumia.

Swali: Mishipa ya jani ina kazi gani?

Ndani yake mna mirija ya aina mbili: zailemu huleta maji na madini, floemu huondoa sukari, na yote pamoja hulishikilia jani likae limetandazwa.

Swali: Majani ya zambarau nayo hujitengenezea chakula?

Ndiyo. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, imo, imefunikwa tu na rangi nyingine. Yasiyojitengenezea ni mabaka meupe ya majani yenye rangi mbili. Ukitaka kuhakikisha, chukua jani la namna hiyo lililokaa juani, lichemshe kwenye maji, kisha lichovye kwenye spiriti ya moto mpaka rangi itoke, lisuuze na ulidondoshee iodini. Palipokuwa kijani patageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi kwa sababu pana wanga. Palipokuwa peupe patabaki na rangi ya iodini yenyewe. Spiriti ipashe moto ndani ya chombo cha maji yaliyochemka, jiko likiwa limezimwa, kwa kuwa hushika moto upesi.