Muhuri Ukae kwa Mmoja Tu

Ukienda kufungua akaunti benki hapa Dar es Salaam, unaweza kuambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa. Mhudumu anaisoma, anatazama picha yako na muhuri uliogongwa juu yake, basi. Hampigii simu mwenyekiti. Kila ninapokaa na kijana mpya kazini kumfundisha tokeni, yaani hati ya kidijitali inayoiambia programu wewe ni nani, naanzia kwenye barua hiyo, kwa sababu kosa letu kubwa kuliko yote lilitokana na swali ambalo hatukujiuliza mapema: muhuri anao nani?

Tokeni ninayoisema ni JWT (JSON Web Token), ile iliyowekewa kiwango mwaka 2015 katika waraka wa viwango vya intaneti, RFC 7519. Ni mstari mrefu wa herufi wenye vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta: kichwa, maelezo na sahihi, yaani saini, ambayo ndiyo muhuri wake. Mara nyingi utauona unaanza na eyJ. Ndivyo mwanzo wa JSON, muundo wa kuandika data, unavyotokea ukigeuzwa kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Na Base64 haifichi kitu. Yeyote aliyeishika tokeni anaisoma yote, kama barua isiyo na bahasha. Kwa hiyo usiweke humo namba ya simu ya mteja wala namba yake ya NIDA. Weka utambulisho wake wa ndani ya mfumo, wadhifa wake, na muda wa mwisho.

Sisi tulikuwa na programu moja kubwa, tukaivunja kuwa huduma saba: kuingia, wateja, oda, malipo, ghala, ripoti na arifa. Tulichagua HS256, njia ya kusaini kwa neno la siri, kwa sababu ni rahisi. Neno moja la siri, unalinakili kwenye mipangilio ya huduma zote, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba kwa HS256 neno linalokagua sahihi ndilo hilohilo linalotengeneza sahihi. Tulikuwa tumegawa muhuri kwa ofisi saba. Huduma ya arifa, ambayo kazi yake ni kutuma SMS tu, ingeweza kujiandikia tokeni ya msimamizi wa malipo, na malipo wangeikubali.

Siku moja huduma hiyohiyo ya arifa ilipata hitilafu ikamwaga mipangilio yake yote kwenye logi (faili la kumbukumbu za mfumo), neno la siri likiwamo. Logi zile zilisomwa na watu wengi, hata mafundi wa mkataba. Hatukuona dalili kwamba kuna aliyelitumia, lakini hatukuwa na namna ya kuthibitisha, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Usiku ule tulibadilisha neno huduma moja baada ya nyingine. Kwa muda, huduma tatu zilikuwa na neno jipya na nne la zamani, na wateja wakawa wanatupwa nje katikati ya oda.

Baada ya hapo tulihamia RS256, njia ya kusaini yenye funguo mbili. Huduma ya kuingia peke yake ndiyo yenye ufunguo binafsi wa kusaini. Nyingine sita zinachukua ufunguo wa umma kwenye anwani ya JWKS, yaani orodha ya funguo za umma, na huo unakagua tu, hauwezi kusaini. Kila ufunguo una jina lake, kid, linaloandikwa kwenye kichwa cha tokeni. Ukitaka kubadilisha, tangaza kwanza ufunguo mpya kwenye orodha, subiri huduma zote ziusome, ndipo uanze kusaini nao. Wa zamani utauondoa tokeni zake za mwisho zikishaisha muda. Tumeshafanya hivyo mchana kweupe, na hakuna mteja aliyetolewa.

Muda nao ulitupa somo. Sehemu ya exp, yaani muda wa mwisho wa tokeni, inahesabiwa kwa sekunde tangu 1970, ila Date.now() ya JavaScript inakupa milisekunde. Tulisahau kugawanya kwa 1000. Tokeni tuliyokusudia iishi dakika 15 ikawa na uhai wa zaidi ya miaka 50,000! Hakuna kilicholalamika. Tuligundua Jumatatu, pale mjaribu mmoja alipokuta ukurasa aliouacha wazi Ijumaa bado unafanya kazi. Tangu siku hiyo, nikipewa tokeni mpya naifungua na kuisoma exp kwa macho yangu.

Dakika 15 zinatosha kwa tokeni ya kazi. Ile ya kuombea tokeni mpya iishi siku kadhaa, itunzwe kwenye kuki yenye HttpOnly na Secure (msimbo wa ukurasa hauwezi kuisoma, na inasafiri kwa HTTPS tu), na kumbukumbu yake iwe kwenye hifadhidata ili uweze kuifuta mtu akiacha kazi au akiibiwa simu.

Utasikia pia watu wakisema lango la kuingilia mfumo limeshakagua tokeni, huduma za ndani zitulie. Usikubali. Kila huduma ikague yenyewe: sahihi, exp, iss (nani aliyeitoa), na hasa aud (imeandikwa kwa ajili ya nani), kwa maana barua iliyoandikwa kwa benki haikupi haki ya kuingia ghalani. Algorithimu, yaani njia ya kusaini kama RS256, nayo iandike wewe kwenye msimbo; usiiache tokeni ijichagulie. Mwaka 2015 Tim McLean alionyesha kwamba maktaba kadhaa zilikubali tokeni iliyoandikwa "none", yaani isiyo na sahihi kabisa. Saa za seva zisawazishwe, na uruhusu tofauti ya sekunde 30 hivi.

Kabla huduma yako mpya haijapelekwa kwa wateja, iandalie tokeni za uongo: iliyokwisha muda, ya huduma nyingine, yenye "none", na moja nzuri uliyobadilisha herufi moja katikati ya maelezo yake. Zote zijibiwe 401, yaani hujatambuliwa. Ikipita hata moja, niite tukae tuitazame pamoja, hata kama ni saa kumi na moja jioni ya Ijumaa.