Jibu: Msaada wa serikali kwa jiko safi, na babula chumbani

Dada, umeuliza kama serikali inaweza kukusaidia kuacha kupikia makala (makaa), na kama babula, yaani jiko la makala, inafaa kutia joto chumba cha mtoto usiku. Naanza na la pili maana limenitia hofu: tafadhali, itoe hiyo babula chumbani leo hii. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala akisikia joto zuri, na anaweza asiamke tena. Baridi yetu ya Bukavu inatosha kwa blanketi la pili, na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

Kuhusu msaada, sheria ya umeme ya Kongo ya 2014 ndiyo iliyofungua njia ya ANSER, shirika la serikali la kusambaza umeme, na huko kuna Mfuko wa Mwinda, unaotoa ruzuku. Lakini fedha zake hupitia kwa makampuni yanayouza sola na majiko safi, haziji mkononi mwa mwenye nyumba, tena ANSER inahudumia vijiji na pembezoni mwa miji. Basi muulize muuzaji kama bei yake ina ruzuku.

Umeme ukiwa wa kukatika-katika, usiuze babula bado, ikae uani. Tafuta sufuria ya presha ya umeme. Loweka maharagi tangu jioni, uyapike umeme ukirudi. Hata sombe (majani ya mihogo), inayomaliza makala kuliko chakula chochote nyumbani kwangu, naipika humo.